Maharage ya Bertilla na Herufi Mbili za Hellena

Mimi siamini vitu upesi, na sioni aibu kusema. Sisi wa Sumbawanga, mtu wa mbali akisikia unakotoka anasogeza kiti chake kando, anakuona mchawi. Basi na sisi tuna haki ya kumtazama mtu mara mbili. Hellena si mgeni. Ni binti wa marehemu kaka yangu Teodori, na mimi baba yake mdogo nimembeba mgongoni. Lakini aliporudi likizo Januari na chupa ya chai iliyojaa barafu badala ya chai, nilimtazama mara tatu.

Nianze na mama yake. Shemeji yangu Bertilla ndiye mtunza mbegu wa kijiji chetu, upande wa Kaengesa. Ana maharage madogo ya kahawia yenye jicho jeupe, aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, akayaleta kwa kaka yamefungwa kwenye pindo la kanga. Yanavumilia baridi ya kwetu kuliko mengine yote. Kwa miaka thelathini na nne ameyachambua punje kwa punje, anatupa yenye kovu, anayasifia yaliyonona kama anasifia wajukuu. Mtu akimharakisha anamwambia akachambue ya kwake. Kaka alipofariki, watu walidhani ataacha. Thubutu! Arobaini haijaisha, yeye yuko shambani. Matuta yetu ya ntumba, yale tunayofukia nyasi zioze ndani, namlimia mimi, kwa sababu mgongo wake umekwisha.

Ubaya ulianzia sokoni. Wachuuzi wakawa wanauza maharage yoyote kwa jina la Bertilla, mjini na hadi mpakani Kasesya. Watu wakapanda, yakafa kwa baridi, wakaja kumtukana yeye. Halafu mwaka jana mvua ya mawe ilitupiga wote, mbegu ya kweli ikabaki madebe mawili tu, yote nyumbani kwake. Yakipotea hayo, imekwisha.

Hellena anafanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja cha mbali. Alitueleza jikoni kwamba kila kilicho hai, iwe harage, mbuzi au mimi, ndani yake kina uzi mwembamba wanaouita DNA, umeandikwa kwa herufi nne zinazoshikana mbili mbili. Wao wametengeneza herufi mbili nyingine, ambazo zinashikana zenyewe kwa zenyewe tu. Alitaka kupaka vipande vya uzi wa namna hiyo, alivyovileta kwenye ile chupa ya barafu, juu ya ganda la mbegu za mama yake. Mchuuzi akidanganya, maharage yanapimwa. Na kwa kuwa hakuna kiumbe mwenye herufi hizo, yakikosa herufi zake si ya mama yake, uongo unajulikana. Nikamuuliza nani amewatuma kuongeza. Akacheka. Akasema uzi huo hauishi, hauzai, hauingii ndani ya harage. Nikamuuliza, kama haudhuru, glavu alizovaa ni za nini? Akasema anaukinga uzi na jasho la mkono wake, si mkono na uzi. Majibu anayo mtoto huyo! Kila swali lina jibu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Kwanza alipaka konzi moja, akaifunika kwa kitambaa kibichi. Zikaota zote. Bertilla akafurahi, akamruhusu apake madebe yote mawili. Mimi nikamwonya kwamba zimeoteshwa kwa ujanja, ili tulainike, akanicheka.

Hellena akaondoka. Katikati ya Februari Bertilla akaenda Malangali kumuuguza dada yake kwa siku nne, akaniachia nyumba. Aliniambia mimi ndiye mtu anayemwamini. Siku hiyohiyo nikazishusha mbegu darini. Nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu na majivu, maji matatu, jinsi bibi yangu alivyoosha chombo alichokitilia shaka. Mvua haikukatika hata saa moja, na jua la kuanikia hakuna. Mbegu za kwetu hukaa darini juu ya moto wa jikoni, moshi unafukuza wadudu. Nikazirudisha hukohuko, nikachochea moto siku tatu ili zikauke kabla mwenyewe hajarudi. Lakini mbegu inayokaa darini huwa kavu, na hizi zilikuwa zimekunywa maji. Nilijua. Hofu ya herufi zile ilinizidi nikafanya tu. Nikazipaka majivu upya, mtu asione zilivyokunjamana.

Tukapanda. Siku ya nane hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili Bertilla akafukua kwa kidole, akatoa harage lililooza, akakaa chini kwenye tope. Sijawahi kumwona akilia vile, hata kwenye msiba wa kaka. Mimi hakunitazama. Alimpigia mwanawe simu, akamwambia amewazika bibi zake mara ya pili. Kiasi kidogo kilichobaki darini akakituma kwa basi, ili Hellena aione kazi yake.

Wiki ya tatu tangu zitumwe, Hellena akapiga simu, lakini alinipigia mimi.

"Baba mdogo, nimepima. Herufi zangu hazipo kabisa, na maharage yameiva ndani. Uliyaosha?"

"Maji matatu," nikamwambia.

"Mama usimwambie. Nimeshamwambia ni dawa yangu iliyoharibu. Mimi niko mbali. Akikukosa na wewe, atalimiwa na nani?"

Nimewahi kuona aibu, lakini si aibu ile. Jioni nikaenda kwa Bertilla nimekusudia kusema yote. Nikamkuta anasonga ugali. Akanivutia kigoda, akaniwekea kuku, na kwake kuku hachinjwi hovyo. Akaniomba radhi. Alisema nilimwonya mapema na yeye akaniona mshamba, kumbe mwenye macho nilikuwa mimi.

Nikafungua mdomo. Yeye akawahi.

"Mwanangu ameomba aje Pasaka, nimemkatalia. Nimemwambia asikanyage hapa nikiwa hai. Nimekosea, shemeji?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa amekosea.

"Umefanya vema," nikamjibu, nikaendelea kula.