Mzee Kona na Njia ya Mtoni

Jirani yangu ndiye aliyechimba karibu njia zote za baiskeli zilizomo katika msitu wa misonobari juu ya mji wetu, na yeye mwenyewe hajui kuendesha baiskeli. Wageni wakiambiwa hawaamini. Mkewe husema alijaribu kumfundisha mwaka waliooana, akaingia na baiskeli kwenye maua ya mama mkwe, na tangu siku hiyo akaamua kuwa yeye ni mtu wa miguu.

Tunamwita Mzee Kona. Uzee wenyewe si mkubwa, ana miaka hamsini na minane, lakini akianza kukueleza kona moja ya njia inavyotakiwa kulala, chai yako itapoa mkononi. Miaka ishirini alikuwa kibarua msituni, akipogoa miti na kufyeka njia za kuzuia moto. Vijana wa baiskeli walipoanza kuja walikuwa wakiteremka popote, wanakata mizizi, na mvua ikinyesha kila alama ya tairi inageuka mfereji. Wenzake walitaka wafukuzwe. Yeye akasema, "Ukimfukuza mtu mlangoni ataingia dirishani. Bora tumchagulie mlango." Akachukua sururu, chepe na reki, akaanza.

Nyumba yake na yangu zinagusana ukuta. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu inatazama dirisha, na dirisha linatazama baraza lake, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko ninavyopaswa. Zana zake zimetundikwa kwa urefu. Akirudi huziosha kwanza, kisha ndipo anapooga, na mkewe humwambia kila siku kwamba angeoa chepe angekuwa na raha zaidi.

Jambo linalonishangaza zaidi ni mvua. Sisi mawingu yakifunga tunakimbilia kuanua nguo. Yeye anavaa buti. Anapanda msituni, anaitembea njia mpya tangu juu hadi chini huku analoa, akitazama maji yanaenda wapi. Pale ambapo maji yanaifuata njia zaidi ya hatua kumi, anachomeka kijiti. Jua likitoka anarudi kwenye vijiti vyake, anachimba, anayafungulia maji yaende pembeni. Hakuna njia anayoifungua kabla haijapita majira mazima ya mvua. Mwenyekiti wa chama cha baiskeli humbembeleza, humsifu, humpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na haambulii kitu.

Yote haya ningeyatazama kama mambo ya jirani tu, kama si mwanangu. Binti yangu, kifungua mimba, ana miaka kumi na tisa. Mchana anafanya kazi kwa fundi baiskeli, na saa zake zote nyingine yuko kwenye njia za Mzee Kona. Mimi sina usingizi wa kutosha tangu aliponunua helmeti. Huwa napanda kwa miguu nakaa kwenye jiwe, nasikiliza breki zake. Nikizisikia nashukuru. Shida ni njia ya mtoni, kwa sababu pale hazisikiki.

Njia hiyo inatoka kwenye misonobari, inashuka bondeni na kufuata ukingo wa mto kwa hatua kama mia tatu. Upande mmoja mwamba, upande mwingine maji, katikati upana wa mabega. Wenzake wote hupunguza mwendo. Yeye huachia breki. Na mwaka huu mashindano yalikuwa na uzito wake: wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye timu, wakae mwaka mzima na kocha. Mwaka uliopita mwanangu alikuwa wa nne. Kupanda mlima si kazi yake, ila mtoni angeweza kuwaacha wote, na kila mtu alijua.

Mwezi mmoja kabla ya mashindano nilimpelekea Mzee Kona suruali niliyomtilia viraka, na nikiwa hapo nikatoa la moyoni. Nikamwomba aweke mawe mawili matatu pale mtoni, watoto wapunguze mwendo.

Akaikunja suruali. "Shemeji, ukitaka mwanao apunguze mwendo mwambie yeye. Mimi siwezi kumchimbia mtu mmoja njia yake."

Nilirudi nyumbani uso ukiniwaka. Sikumwambia binti yangu.

Siku nne kabla ya mashindano mvua ilinyesha asubuhi nzima. Mzee Kona alipanda kama kawaida. Alirudi mapema mno, akaziacha zana na tope lake sakafuni, akakaa kwenye kigoda. Niliposhusha mguu kwenye pedali ya cherehani nikausimamisha hapo hapo. Zana chafu barazani kwake ni kama king'ora.

Jioni mwenyekiti akaja mbio. Sikuhitaji kutega sikio.

"Mzee, umefunga njia ya mtoni kwa kamba? Wageni wako njiani wanakuja."

"Nimefunga. Magogo yanayoushika ukingo yameoza. Nimechomeka nondo, imezama kama kisu kwenye ndizi mbivu."

"Ukingo umedondoka?"

"Haujadondoka."

"Basi?"

"Basi nikingoja udondoke nitakuwa nimechelewa kufunga."

Mwenyekiti akashusha sauti, ikawa vizuri zaidi kuisikia. "Magogo ya miaka sita yanaozaje?"

"Niliyalaza na magome yake. Gome linashika maji, wadudu wanaingia chini, gogo linaliwa huku juu linang'aa. Kila kibarua wa msituni anajua. Siku ile nilikuwa na haraka, nikajiambia nitarudi kuyachubua. Sikurudi."

"Haya. Nitawaambia watu ni mvua."

"Usiwaambie mvua. Mvua haikuacha magome. Waambie ni mimi."

Nimeishi na watu wengi wenye cheo na wasio na cheo. Huyu mwenyekiti alikuwa amemwekea mlango wa kutokea, wazi kabisa, na yeye akaufunga kwa mkono wake.

Ndani kwangu hali ilikuwa nyingine. Binti yangu alisimama kwenye kizingiti na helmeti mkononi. "Umefanikiwa, mama."

"Nimefanikiwa nini?"

"Ulienda kwake mwezi uliopita. Mkewe aliniambia ulikuwa huko. Ulimwomba afunge."

Nikamwambia sikuomba afunge. Sikusema niliomba nini. Alilala bila kula, na mimi nilikula bila kuonja.

Kulipokucha Mzee Kona aligonga. Ukuta wetu ni mwembamba pande zote mbili. "Binti, vaa viatu. Na mama yako avae, maana asipoona atashona vibaya wiki nzima."

Tukashuka bondeni sote watatu. Alimkabidhi nondo, akamwonyesha magogo. Mwanangu akachomeka la kwanza, nondo ikazama hadi ngumi yake ikagusa tope. La pili hivyo hivyo. La tatu likakataa, nondo ikalia kama imegonga jiwe.

"Hili zima," akasema.

"Zima."

"Na hili zima pia. Mazima ni mengi, mzee."

"Ni mengi. Wewe ukishuka na mwendo wako utachagua gogo la kukanyaga?"

Mwanangu alitazama maji, na mimi nilimtazama yeye, kisha nikautazama ule ukingo kwa chini nikaona peusi, patupu kama shavu lisilo na meno. Nikashika mwamba.

Siku tatu zilizobaki Mzee Kona alichimba njia ya kuukwepa mto, kupitia kwenye misonobari. Chama kilileta watu wa kumsaidia. Binti yangu naye alikwenda, akishika reki kama anayemchana adui nywele. Mvua haikuwapo ya kuijaribu njia, basi wakabeba madumu ya maji kutoka mtoni, wakayamwaga juu, na mzee akatembea akiyafuata na vijiti vyake. Lakini njia hiyo ilikuwa ya kupanda sana na kona nyingi za kubana. Nguvu zote za mwanangu zilibaki kule nyuma ya kamba.

Siku ya mwisho nilipowapelekea maji ya kunywa, nikamsikia binti yangu akimwambia, "Mzee, hapa kwenye mteremko ungenyoosha. Hatua ishirini tu. Ningepata pa kuachia."

Mzee Kona akajiegemeza kwenye mpini. "Mwezi uliopita mama yako alitaka nikupunguze mwendo pale mtoni. Leo wewe unataka nikuongeze. Nyumba yenu ina maombi."

Wachimbaji wote wakacheka. Mwanangu akageuka akanitazama, na nikaona sasa anajua niliomba nini na nilinyimwa. Nilimimina maji, mengi yakaenda kwenye viatu vyangu.

"Ningenyoosha," mzee akaendelea, safari hii polepole, "ningekuwa nimeficha kosa langu kwa kumpunja mwenzako. Litakuwa kosa la pili. Moja linanitosha."

Mashindano yakaja. Nilikaa kwenye jiwe langu, nikasikia breki kila kona, na ajabu ni kwamba sikushukuru. Nilitaka aziachie. Kwenye ule mwinuko msichana mmoja mrefu alimpita, miguu yake ikienda kama sindano ya cherehani. Mwanangu akamaliza wa nne. Sekunde saba nyuma ya wa tatu.

Ukingo wa mto siku hiyo ulikuwa umesimama kama ulivyosimama jana yake, na walikuwapo waliokwenda kuutazama wakarudi wakibetua midomo. "Ungepitika," wakasema, na wakasema kwa sauti ili Mzee Kona asikie. Yeye alipita katikati yao hadi kwa binti yangu, aliyekuwa amekaa chini akijifuta tope, akachuchumaa mbele yake, mtu wa umri wake na magoti yake.

"Nafasi yako nimeila mimi," akamwambia. "Ningechubua yale magogo, leo ungepita mtoni. Kufunga sijutii. Magome najutia."

Binti yangu akaendelea kujifuta tope goti lile lile.

"Usinijibu. Nilitaka ulisikie kwangu."

Wiki nzima mwanangu hakumsalimia. Alipita mbele ya baraza akitazama tairi ya mbele. Mzee alimsalimia kila asubuhi, kila asubuhi hakuitikiwa, na kesho yake akasalimia tena kwa sauti ile ile. Baada ya hapo nikamwona mzee akipanda msituni, ambako magogo mapya ya kuushika ukingo yalikuwa yamelazwa tayari pembeni mwa njia, na siku ya nane binti yangu akaomba ruhusa kwa fundi, akaegemeza baiskeli ukutani na kumfuata kwa miguu.

Alirudi jioni, viganja vimejaa utomvu hata sabuni haikufua dafu. Nikamuuliza kama amemsamehe.

"Bado," akasema, akijikwangua kucha. "Ila nimechubua gogo moja tangu asubuhi na amelikataa. Anasema nimeacha gome upana wa kidole. Kesho narudi kulimalizia."