Twiga wa Jiwe la Mjomba

Mwaka wa korona, chuo kilipofungwa, nilirudi Busi, kijijini kwetu, nikiwa nimenuna. Tulikuwa tumepanga kwenda Zanzibar, mimi na wenzangu wa chuoni Chimwaga, na nguo za ufukweni tumeshanunua. Mama akanipigia simu akasema nisizurure, nije nyumbani nitulie. Nyumbani nikaja, kutulia sikutulia. Kila nikitoka shamba asubuhi nilipanda vilima vya nyuma ya nyumba, ambavyo maisha yangu yote nilivijua kama mahali pa kuokota kuni.

Huko juu kuna jiwe kubwa lenye paa, na ukutani palikuwa na twiga mwekundu, mrefu kama mkono wangu, aliyechorwa na watu ambao hata wazee wetu hawawajui. Aliyenipeleka mara ya kwanza ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Mjomba ni mtu wa msikitini kila Ijumaa, na mvua ikichelewa ni mtu wa jiwe lile vilevile, wala haoni ugomvi hapo. Siku ile alibeba maji, akayanyunyiza chini, kwenye udongo ulio mbele ya jiwe, akanong'ona maneno yake, tukashuka. Ukuta hakuugusa. Mimi nilichokiona ni maji tu.

Keshokutwa yake nikarudi peke yangu na chupa ya maji na simu. Twiga alikuwa amefifia kwa vumbi. Nikamrushia maji, rangi ikaiva mbele ya macho yangu. Nikampiga picha, nikawatumia wenzangu, wakaisifia mpaka nikavimba kichwa. Basi ikawa kazi yangu, wiki hadi wiki: maji, kisha kitambaa, kisha, Mungu anisamehe, sabuni ya unga kidogo ya kuondoa madoa. Nikawapeleka na binamu zangu, kila mmoja na chupa yake. Kila tulipopanda nilijisifu kwamba sasa anaonekana vizuri zaidi. Kumbe alionekana akiwa amelowa tu, na kila alipokauka alikuwa amepungua. Tulipoanza kuvuna uwele, shingo ilikuwa imekwisha, na mwili umebaki doa ambalo mgeni angedhani ni kutu.

Najuta kwa hilo. Ila ninalolijutia zaidi lilitokea siku mbili kabla sijarudi chuoni, nilipokwenda na mama kumuaga mjomba. Mtoto wa jicho alikuwa amemzidi miezi ile, na kilima hakukipanda tena.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Nasikia siku hizi wewe ni mtu wa kule juu."

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi macho hayanifikishi tena. Yule twiga bado yupo?"

Ningeweza kumwambia. Mjomba si mtu wa makelele. Pengine angeniuliza nilikuwa nawaza nini, na mimi ningestahili. Lakini niliogopa, na mama alikuwa anasikiliza.

"Yupo, mjomba. Anaonekana vizuri."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alisema alikuwa na hofu na watu wanaopanda kule bila adabu. Halafu akamgeukia mama, akamwambia kwamba katika watoto wote wa ukoo ni mimi tu ninayepanda bila kutumwa, kwa hiyo jiwe litakuwa mikononi mwangu. Yeye akiondoka, mimi ndiye nitakayelitunza.

Siku ile walichinja jogoo kwa ajili yangu. Firigisi kwetu ni ya mkubwa wa nyumba, hakuna mwingine anayeigusa. Mjomba aliitafuta kwa vidole kwenye sahani yake, akaipata, akaihamishia kwenye yangu. Nikaila.