Afisa Afya Jikoni kwa Mama

Jiko la mama yangu lilikuwa bovu, na sitalisitiri hapa. Mlango uling'ang'ania bawaba moja, dari imejaa masizi, sakafu imepasuka, na meza ya kukatia mboga ilisimama kwa miguu mitatu na tofali. Humo ndimo alimotulea watoto wanne peke yake, kwa kufua nguo za watu. Kila nilipomwambia turekebishe, alinijibu kwamba tumbo haliulizi dari. Nilipopata kazi mji mwingine, nilimwachia mwanangu wa miaka miwili, na nikalala usingizi mzuri kwa sababu yuko kwa bibi yake.

Kisha mtoto akaanza kuhara. Mara ya kwanza tulisema ni meno. Mara ya pili tukalaumu hali ya hewa. Mara ya tatu alilazwa na kuwekewa dripu, na nilipomwona alivyonywea, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nayo hasira hutafuta pa kutua. Yangu ilitua jikoni kwa mama. Nilimwambia wazi kwamba jiko lake ndilo linalomuumiza mwanangu, na kwamba namchukua.

Mama yangu, ambaye hubishana hata na redio, hakubisha. Aliomba jambo moja tu: kabla sijamchukua, nimlete afisa afya alitazame jiko.

"Kama ni mimi," alisema, "bora nijue."

Afisa afya wa mtaa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na watu walimwita Pua kwa kuwa hapiti sufuria bila kuinusa. Alipofika tu nilimdaka mlangoni, nikamwonyesha masizi, nyufa, na tundu la panya lililozibwa kwa matambara. Nilikuwa na haraka ya kushinda kesi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaomba kigoda, akaketi pembeni na kumwambia mama apike kama apikavyo siku zote, kana kwamba afisa hayupo. Alisema dari haijawahi kumlisha mtu uji, na yeye akiingia jikoni hutazama mikono.

Basi tukaitazama mikono ya mama. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Alichemsha maji ya kunywa yakatokota sawasawa, akayatia kwenye dumu safi lenye kifuniko. Pua alinusa kitambaa cha kufutia vyombo, akakunja uso, akakitupa nje. Alisema nyama iwe na ubao wake na mboga ubao wake. Chupa ya mafuta ya taa, iliyokuwa imekaa bega kwa bega na ya mafuta ya kupikia, aliitoa mwenyewe. Kuhusu tundu, alitaka saruji, maana matambara ni kumtandikia panya kitanda. Lakini aliendelea kukaa pale pale, na nikaelewa kwamba bado hajakiona alichokuja kukitafuta.

Uji ukaiva. Mama akaupakua kikombeni, ukifuka mvuke, na mtoto analia njaa. Hapo, bila hata kufikiri, mama akachota maji kwenye ndoo na kuuzimua.

Pua akainua mkono. "Mama, maji hayo umeyachemsha?"

"Yaliyochemshwa ni ya kunywa, mwanangu," mama alijibu. "Haya ni ya kupozea tu."

Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe, maana alikiweka kikombe chini polepole. Mimi nilijua kwa nini huzimua. Nilipokuwa na umri wa mwanangu niliungua mdomo kwa uji, na alama ninayo hadi leo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku ile hakuna mtoto aliyepewa uji wa moto na mama.

"Lakini hawa wanne niliwalea hivi hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Mbona hawakuugua?"

Pua akauliza maji ya ndoo yanatoka wapi. Zamani mama alikuwa akiyakinga bombani. Siku hizi yanatoka kwenye tangi lililo juu ya paa, tangi nililomnunulia mimi ili aache kubeba ndoo. Nilipanda ngazi mwenyewe. Tangi halikuwa na kifuniko. Ndani kulikuwa na manyoya, kinyesi cha njiwa, na ukoko wa kijani.

Nilishuka, nikawaeleza nilichokiona. Mama akakiri kwamba kifuniko kilichukuliwa na upepo miezi mitatu nyuma, akaona aibu kunieleza, kwa vile nilijinyima sana kulinunua lile tangi. Nikalia palepale, mbele ya mtu niliyemleta amshtaki mama yangu.

Pua hapendi vilio jikoni. Alitugawia kazi. Tangi limwagwe, lisuguliwe, litiwe dawa na kufunikwa. Maji yote yanayoingia kinywani mwa mtoto yawe yamechemshwa, hata kama ni tone. Uji upozwe kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, huku ukikorogwa. Mama akajaribu papo hapo. Ilichukua muda, mtoto akatulaani kwa lugha yake, lakini alikunywa kikombe chote na kuomba kingine.

Nilichukua likizo ya wiki mbili. Nilisugua tangi, nikaziba tundu, nikampatia mlango bawaba ya pili. Mtoto alinenepa mashavu. Pua alirudi, akanusa, akasema tu kwamba jiko linafaa, akatoka, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Asubuhi ya safari nilimkuta mama amekaa kitandani, nguo za mtoto zimo kwenye mfuko, zote zimepigwa pasi. Nilimuuliza ni za nini.

"Afisa amesema jiko linafaa," alisema. "Lakini wewe hukusema."

Kweli sikusema. Wiki mbili nzima nilisugua kila kitu, nikasahau kumwondolea mama hofu niliyomtia mwenyewe. Nikapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama. Mtoto anabaki na wewe."

Akausukuma ule mfuko kwangu, akaniambia nizirudishe nguo kabatini, na nisizikunje ovyo, maana amezipiga pasi huku analia.