Trofim Amepanda Nyanya

Tangu mumewe apande ndege kwenda Tashkent, Emilia Ligai alikuwa akiacha chakula nusu sahani.

Trofim alikwenda kusafisha makaburi ya wazazi wake. Kila mwanzo wa Aprili, Wakorea wa kule Uzbekistani hubeba kuku, wali na vodka, wakang'oa magugu, wakala pamoja na marehemu wao. Lakini tangu wahamie Gwangju, Korea Kusini, miaka minane sasa, kazi hiyo ilifanywa na jirani yao wa zamani Hakimjon, Mwuzbeki asiyekuwa na deni lolote kwa wafu wale. Safari hii Trofim alisema aibu imetosha. Akaomba ruhusa ya wiki mbili kiwandani, akaenda.

Emilia alibaki kwa ajili ya mjukuu, na kwa ajili ya kazi yake ya kupakia vyakula kwenye vikasha. Wenzake wa pale walimwita shangazi na kumtania: sura yako yetu, mbona unaongea kama mtoto wa chekechea? Naye alicheka nao. Angeanzia wapi kuwaeleza? Babu yake na Wakorea wenzake walipakiwa kwa nguvu kwenye treni na kumwagwa katika nyika za Uzbekistani, na yeye akazaliwa ndani ya Kirusi, akakulia kwenye mkate wa tanuri. Uzbekistani aliitwa Mkorea. Korea wanamwita Mrusi.

Mwanzoni simu za Trofim zilikuwa za makaburi tu. Kisha akataja nyumba yao, ile waliyoifunga na kumwachia Hakimjon aiangalie. Bati la paa lilikuwa limelegea, amelipigilia. Kesho yake amezibua kisima. Halafu siku moja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba amepanda nyanya.

"Nyanya?" Emilia aliuliza. "Nyanya za kuliwa mwezi wa saba?"

"Ardhi ilikuwa tayari, Milya. Ningeiachaje?"

Dalili ya mvua ni mawingu. Emilia alikwenda dukani kwa Venera, mhamiaji mwenzake muuza mkate na sambusa, akamweleza akitarajia kutulizwa. Alikosea duka.

"Dada, mwanamume aliyepanda nyanya hajafunga begi," Venera alisema, akiendelea kufunga mikate. "Wangu alikwenda Almaty kuuza gari. Mpaka leo anauza."

Inessa, binti wa Emilia, naye hakusaidia. Alisema baba ni mtu mzima, na akibaki, si ndiko kwao? Emilia aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kwao. Na yeye je, kwao ni wapi, ikiwa mume yuko huko na mjukuu yuko huku?

Wiki mbili ziliisha. Trofim akamwomba Emilia nyingine, bila kukiarifu kiwanda. Msimamizi wa kiwanda alipiga simu nyumbani, na Emilia, kwa Kikorea chake cha kuokoteza, akadanganya kwamba mumewe ana homa. Siku ile kazini alipakia vikasha bila wali hadi akakaripiwa. Wakati wa mapumziko akampigia Hakimjon mwenyewe.

"Yuko juu ya paa, shemeji," Hakimjon alisema. "Ngoja nimwite."

Alisikia jogoo, ngazi ikilia, kisha pumzi za mumewe.

"Trofim, unarudi au hurudi?"

"Kurudi ndiko kuja huko, au ndiko kubaki hapa? Neno lenyewe limenichanganya."

"Achana na neno. Mimi niko huku."

Akaja Jumapili, amekonda, shingo imeungua jua, kucha nyeusi. Alikula kwanza. Ndipo akasema kwamba nyumba amempa kijana wa Hakimjon, anayeoa kiangazi hiki. Asingeweza kumkabidhi bibi harusi paa linalovuja na bustani tupu. Na kijana ameahidi kuyatunza makaburi.

"Ukaigawa bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungelia. Nami nisingeweza tena."

Emilia alidhani atapumua. Badala yake hofu ilianza upya. Miaka minane, kila alipochekwa, kila alipokaripiwa, alijiambia kimoyomoyo: nina kwangu, nikichoka nitakwenda. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Trofim. Majuma yote yale alikuwa akihofia mume asije akabaki, kumbe nyumba ndiyo iliyokuwa ikiondoka.

"Na sisi tutazikwa wapi?" aliuliza.

Trofim alizungusha kikombe cha chai mezani.

Emilia akauliza kama bibi harusi ameambiwa kuhusu mlango wa jikoni, kwamba lazima uuinue kidogo ndipo ufunge. Trofim alikiri amesahau. Emilia akaguna, akachukua simu, akampigia Hakimjon, maana wasichana wa siku hizi wana haraka, na bawaba zile ni za zamani.