Esansi, Mazutu na Mikono ya Mama Mdogo

"Uyu na diplome yake haweze kupandisha hata mbuzi moya toka Beni," walisema wenye malori wa Butembo niliporudi kutoka Kampala na diploma ya ufundi wa magari. Walilicheka gari langu: basi dogo la zamani lenye kitanda, jiko na pazia, na nyuma yake remoroki, tela niliyoichomelea mwenyewe. Nililala humo, kwa sababu wakati ule wa vita mtu aliweza kukwama siku nzima kwenye kizuizi cha askari. Niseme wazi kwamba niliwashinda. Malori yao yalifichwa uani kwa hofu ya askari; gari langu lilitembea.

Lilitembea kwa esansi, yaani petroli. Ubaya wake niliujua. Kwenye mtihani wa diploma niliuandika vizuri nikasifiwa. Injini ya esansi ni nyepesi na hukimbia tambarare, lakini nguvu yake huja ikizunguka kwa kasi. Ya mazutu, yaani dizeli, huvuta mzigo ikiwa bado inakwenda polepole, tena hunywa kidogo. Kwa remoroki na milima ya kwetu, hakuna mjadala. Hata hivyo nilinunua ya esansi, kwa kuwa ilikuwa kimya. Mtu aliyesoma, niliwaza, hawezi kuingia mjini akinguruma kama lori la viazi.

Fedha zilitoka kwenye likelemba ya mama yangu mdogo, chama chake cha kuchangiana na wanawake wenzake wa soko. Walinikopesha, nami nikawapandishia mchele na mawese kutoka Beni hadi Butembo.

Safari ya kwanza nilipanda nao garini; kwenye mpando mkali, maji ya injini yalichemka na gari likaanza kurudi nyuma. Mama mdogo alitangulia kushuka, akakaza kitenge kiunoni.

"Mama, tungoje ipoe," nilisema.

"Tungoje nini? Barrière ya askari itafungwa. Tia gia ya première, papa. Sisi tunasukuma."

"Na kule Kampala banasukumaka vile?" mwenzake mmoja aliuliza.

"Umuache. Atachafua soksi," mama mdogo alimjibu.

Walicheka, matope yakiwafika magotini. Mimi nilibaki kwenye usukani na viatu safi. Kwenye kioo niliona kilemba cha mama mdogo kimeinama juu ya remoroki. Tulipofika juu niliwaambia kwamba esansi ilichanganywa na maji. Waliniamini, na wakasukuma safari zote zilizofuata, miezi mingi.

Baadaye niliuza saa yangu na kile kitanda, nikafunga injini ya mazutu. Siku niliyowalipa wote pale sokoni Beni, bila kubakiza hata mmoja, niliwapakia pamoja na mizigo yao. Gari lilinguruma kama lori la viazi. Chini ya mpando ule nilipunguza mwendo ili kubadili gia, na kabla sijasema neno wote walikuwa wameshashuka.

"Rudini ndani, mama. Sasa inavuta yenyewe."

"Weye endesha tu," mama mdogo alijibu, akikaza kitenge.

Remoroki ikapanda. Nao wakaifuata, mikono mbele, bila kuifikia.