Biokemia ya Chumba cha Uani

Nyumbani walimwita Pua, kwa sababu tangu utotoni hakula kitu bila kukinusa. Alikuwa amemaliza sekondari na kufaulu vizuri, na chuoni alitaka kusoma kitu kimoja tu: biokemia. Jamaa zake waliona huo ni udaktari uliokosa sindano. Yeye alitaka kujua mwili unavyojipikia ndani kwa ndani, bila moto wala moshi.

Mwenye uwezo wa kumlipia alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyetengeneza krimu za kung'arisha ngozi katika chumba cha uani. Jumamosi moja akamwita humo wapange masomo.

Chumba kilinuka dawa ya kutoa madoa na mafuta yaliyochacha. Juu ya harufu hizo yalimwagwa marashi, kama shuka safi juu ya godoro lililokojolewa. Krimu ilijaa kwenye ndoo zilizowahi kuwa za rangi ya nyumba. Ukingoni ilifanya ukoko wa manjano, na nzi aliyenasa humo alikuwa bado anapunga mguu. Mjomba alikoroga kwa mpini wa ufagio.

"Miaka ya mwanzo wavumilie tu walimu na hesabu zao, mama," alisema. "Ukifika mwaka wa tatu, somo la sumu achana nalo. Chukua vipodozi. Picha yako umevaa joho tunaibandika hapa kwenye kopo. Nani atatuuliza tena?"

"Inawasha hii, Mjomba."

"Ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Muulize mama yako. Huyo ndiye maabara yangu."

Mama alikuwa mlangoni akibandika lebo. Akacheka, kiganja mdomoni. Kila krimu mpya ilianzia kwake, kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisha shavuni, na zamani mjomba alimtembeza kwa wateja kama kitambaa cha dukani. Siku hizi alimficha. Chini ya macho ngozi ilikuwa imeiva weusi wa nyama iliyolala, na mashavu yalikuwa mepesi hata mishipa ilionekana. Pua aliinama kumnong'oneza, akatafuta harufu ya mama yake chini ya ile ya krimu. Hakuipata. Mate yakamjaa mdomoni, machungu.

"Na wewe mama unasemaje?" Pua aliuliza.

"Nasema soma, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi."

"Na huu wenye krimu nao haulambiki."

Mjomba akachovya kidole katika ndoo mpya. "Lete mkono tukubaliane. Hii hata mama yako hajaionja."

Pua akaficha mikono mgongoni. "Biokemia nitasoma. Na somo la sumu nitalichukua. Kazi yangu ya mwisho chuoni itakuwa kupima hilo kopo lako."

"Kwa ada ya nani?" mjomba aliuliza kwa upole, akajifuta kidole kwenye suruali.

Pua akampita mama yake mlangoni. Alitoka, akatema mate ukutani.

Chuo kilipofunguliwa, wenzake wakaenda. Yeye alibaki, na jioni alimwosha mama yake uso kwa maji baridi. Mama aliutoa uso kama mtoto, macho yamefumbwa, na asubuhi alirudi uani kwenye lebo zake. Pua alisuuza kitambaa mara nyingi. Maji yalitoka meupe, mazito kidogo, na kila alipoyamwaga yaliacha utando kwenye beseni.