Msimu Tuliokunywa Mtaji wa Mama

Harufu ya mtama unaochipua haifanani na harufu nyingine ninayoijua. Ina utamu kidogo, ina ubichi wa majani yaliyokatwa asubuhi, na chini yake kuna uvundo mwepesi kama wa gunia lililonyeshewa. Nyumbani kwetu Ruponda ilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha mama, alikoloweka mtama mwekundu na kuufunika kwa gunia bichi mpaka uote. Ukishaota aliuanika, akautwanga, akapata kimea. Kama hujawahi kuona togwa ikitengenezwa, usijali, si jambo gumu kulielewa. Unapika uji mzito, unauacha upoe mpaka uweze kutia kidole, kisha unaukoroga na unga wa kimea. Kesho yake uji uliokuwa mzito huwa umelainika wenyewe na kupata utamu ambao hakuna mtu aliyeutia. Nimeliona hilo mara nyingi na bado hunishangaza.

Mama aliuza togwa kwenye gulio, lile soko la mara moja kwa wiki. Baba alikuwa machimboni Namungo akitafuta dhahabu. Safari nyingine alirudi na kitu, safari nyingine alirudi na nguo chafu tu. Kwa hiyo sabuni yetu, mafuta ya taa na madaftari vilitoka kwenye ndoo za mama. Watu hudhani mtoto wa muuza togwa anakua kwa togwa. Sivyo. Dada yangu Asumini na mimi tulipewa machicha, yale makapi yanayobaki kwenye chujio, tukayakamua kiganjani na kuyalamba mpaka yakose ladha. Tukisogelea ndoo, mama alisema bila kugeuka, "Hiyo ya watu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba jiko ni la moto.

Nilipokuwa darasa la tatu, katikati ya mvua, kipindupindu kikaingia. Gari la afya lilipita kijijini siku moja kabla ya gulio, kipaza sauti kikikoroma juu ya paa lake: gulio limefungwa, ni marufuku kuuza chakula kilichopikwa, matunda yaliyokatwa, togwa na pombe za kienyeji. Mama alikuwa amesimama uani na mwiko mkononi, ndoo zake zimejaa, zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe. Alilisikiliza lile gari mpaka likapotea upande wa shule. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu, akatuita.

"Leteni vikombe. Vikubwa, siyo hivyo vya chai. Leo watu ni nyinyi."

Tulikunywa mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma. Asumini alijilaza barazani akicheka na kulalamika kwamba akikaa itamwagika. Mama alitutazama, akajaza tena.

Shule ilifungwa na madarasa yakafanywa kambi ya wagonjwa. Njia ilinyunyiziwa chokaa, na sisi tulichemsha kila tone la maji. Jirani yetu Mama Tatu aliuza maandazi kando ya mama gulioni. Mume wake alipelekwa kule kambini asubuhi, na jioni hakuwepo tena. Hakuoshwa na ndugu zake. Alizikwa na watu waliovaa mabuti ya mpira, na sisi tulisimama mbali, upande wa mikorosho, tukisikia dua bila kuona kaburi. Najua haya yote yalitokea. Lakini nikiukumbuka msimu ule, kitu cha kwanza kinachonijia ulimini ni utamu, na ndiyo sababu nimechelewa sana kuuandika.

Nieleze sasa jinsi ugonjwa unavyoweza kuila nyumba ambayo hata haukuingia. Anayeuza chakula hana ghala. Togwa ya gulio hili ndiyo inayonunua unga wa gulio lijalo. Mama alikuwa na akiba moja tu, gunia la mtama mwekundu, na hilo lilikuwa duka lake zima. Lingekaa kavu, hata mvua zote zingepita, siku ya kufunguliwa gulio angeanza upya. Lakini kimea hakitaki haraka. Lazima uuloweke mtama siku kadhaa kabla, na gulio lingeweza kutangazwa wakati wowote. Basi kila wiki mama aliloweka. "Safari hii watafungua," alisema, akichota kutoka kwenye gunia. Mtama ulichipua, ukaanikwa pale jua lilipojitokeza, ukatwangwa. Gari lilipita likasema bado. Na togwa haijui kungoja, ikikaa inachachuka. "Leteni vikombe," mama alisema.

Wiki baada ya wiki ilikuwa hivyo. Mashavu yetu yalijaa. Mama Tatu, akiwa bado edani, alitazama juu ya ua wa mabua na kusema, "Shoga, wanao wanavyonawiri, mtu atadhani kipindupindu ni mboga."

"Waache," mama akajibu. "Hawa ndio wateja wangu wapya. Hawadai chenji."

Walicheka wote wawili, na Mama Tatu akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Nadhani alikuwa hajacheka tangu mazishi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, kikombe kwenye magoti, nikiomba kimoyomoyo gulio lisifunguliwe. Kila gari lilipokaribia, Asumini na mimi tulishikana mikono, na lilipotangaza "bado" tulibinyana vidole kwa furaha. Upande wa pili wa ua wa mabua, watoto wa Mama Tatu hawakuwa na baba.

Gunia lilianza kujikunja kwa juu, likawa fupi, mwisho likakunjwa na kuwekwa chini ya kitanda. Kuku wakafuata. Kisha ikauzwa sufuria kubwa ya kupikia uji. Gulio lilipofunguliwa hatimaye, mtama mpya ulikuwa bado mbichi shambani, na mama hakuwa na cha kuloweka wala cha kupikia. Mahali pake alikaa mwanamke mwingine. Mama akachukua jembe akaenda Mbwemkuru kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na Asumini akaenda naye siku nyingi za shule. Walirudi miguu ikiwa myekundu kwa udongo. Mama aliendelea na jembe hilo miaka yote niliyosoma, na hakuuza togwa tena. Nilipokuwa mkubwa wa kuelewa, nilijiambia kwamba matumaini ndiyo yaliyomponza, na kwamba mimi nilisimama upande wa ugonjwa nikimwombea abaki hivyo hivyo.

Sasa ninafundisha mjini Nachingwea na mama anaishi nami. Mambo yamebadilika. Bomba letu ni hatua chache kutoka mlangoni, wanafunzi wangu wanajua kunawa kabla hata sijafungua mdomo, na dawa ya maji inapatikana. Lakini mvua zilizopita tangazo lilitoka tena, safari hii kwenye simu na redio, na nikaona kwamba bado linatosha tangazo moja kuiangusha nyumba. Nje ya shule yetu yuko mwanamke kijana tunayemwita Mama Shani. Anauza togwa. Nilimkuta akifunga meza yake, mtoto mgongoni, mwingine ameshika gauni lake.

"Mwalimu, wametufungia," alisema. "Ila nasikia wiki ijayo wanafungua."

Nilimshika mkono. Maneno niliyomwambia nilikuwa nimeyabeba tangu utotoni. "Mdogo wangu, nisikilize. Usiloweke. Mtama uache mkavu mpaka usikie wamefungua kweli, ndipo uloweke. Utachelewa gulio moja, lakini utakuwa na cha kuanzia."

Alinishukuru sana. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, nikamsimulia mama aliyekuwa akichambua kunde ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ana watoto?" akauliza.

"Anao wawili."

"Basi ungemwacha aloweke."

Nikadhani hakunielewa, nikaanza kumweleza upya kama ninavyowaeleza wanafunzi, polepole. Akanikatiza kwa kiganja.

"Salima, unadhani mimi sikujua? Wiki ya pili tu nilishajua hawafungui. Watu walikuwa wanakufa, gulio gani? Nilisema watafungua ili nisijione mjinga kwa kuumaliza mtama wangu." Alitupa kunde mbovu pembeni. "Miaka yote ile nilikuwa nawanywesha watoto wa wenzangu, nyinyi nawapa machicha. Siku ile mlivyoleta vikombe, Asumini amejilaza pale anacheka, nikaona haya. Nikasema, kumbe mpaka watu wafe ndipo wanangu washibe."

Nilimwambia kwamba msimu ule nilikuwa naomba gulio lisifunguliwe. Akainua uso.

"Hata mimi," akasema, na kurudi kwenye kunde zake.

Kesho yake nilipita kwa Mama Shani. Nilitaka kumwambia kitu, ingawa sikujua kama nimwambie asiloweke au aloweke. Gunia la mtama lilikuwa limesimama ukutani, kavu, mdomo wake umefungwa kwa kamba mpya. Alilipigapiga kwa fahari ili nione kwamba alinisikia. Mtoto wake mkubwa alikuwa kizingitini na chujio tupu, akilinusa na kuligeuzageuza. Nilivuta pumzi nikiitafuta ile harufu. Haikuwepo.